Battir: kijiji ambacho wiki yake ina siku nane

Battir kimekaa ubavuni mwa mlima, kilomita chache magharibi ya Bethlehemu na kusini-magharibi ya Yerusalemu, pale milima ya Ukingo wa Magharibi inapoanza kuteremka kuelekea uwanda wa pwani ya Mediterania. Nyumba ziko juu, reli iko chini bondeni. Kati ya nyumba na reli ndiko kwenye kiini cha kijiji: mashamba ya ngazi yaliyoshikiliwa na kuta za mawe, na mifereji inayoshusha maji ya chemchemi kutoka ngazi moja hadi nyingine. Sensa ya mwaka 1922 ilihesabu watu 542. Leo wanakaribia 5,000.

Siku hizi kinatajwa zaidi kwa sababu ya UNESCO na kwa sababu ya ukuta wa Israeli. Nionavyo mimi, anayetaka kukielewa aanze na jiwe na jembe. Kila mara Battir kiliponusurika, iwe vitani, kwenye meza ya mapatano au mahakamani, hoja iliyokiokoa ilikuwa kwamba ardhi ile ina watu na inalimwa.

Kwanza umbo la mlima wenyewe. Ni mawe ya chokaa na dolomiti, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake hujipenyeza tabaka laini za udongo wa chokaa ambazo hazipitishi maji. Mvua ya eneo hili ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Juni hadi Septemba usitarajie mvua. Maji ya kipupwe huzama kwenye nyufa za chokaa, yakashuka mpaka yakakutana na tabaka lisilopitika, na hapo hayana njia ila kutambaa pembeni hadi yatokeze ubavuni mwa mlima. Hapo ndipo chemchemi ilipo. Battir na viunga vyake vina chemchemi kadhaa, na iliyo kuu ni Ain al-Balad, iliyo ndani ya kijiji chenyewe.

Tabaka hizo zimefanya na kazi ya pili. Ngumu hustahimili na kubaki zimechomoza, laini huliwa na hali ya hewa na kurudi nyuma, na kwa hiyo mlima unajitengenezea vipandio. Wakulima wa kwanza walikuta hatua za ngazi tayari zimechorwa. Walichoongeza ni ukuta kwenye ukingo wa kila hatua na udongo nyuma yake.

Ukuta huo wenyeji wanauita sinsila, na kuta nyingi ni sanasil. Haujengwi kwa saruji wala chokaa. Mjenzi huondoa udongo hadi afike kwenye mwamba, kwa sababu ukuta uliosimama juu ya udongo utazama upande mmoja kipupwe cha kwanza. Mawe makubwa kuliko yote hukaa chini. Kila jiwe hulala juu ya maungio ya mawe mawili yaliyo chini yake, maungio yasije yakafuatana wima na kuwa ufa. Hapa na pale huingizwa jiwe refu linalozama ndani kuelekea mlimani, likashika uso wa ukuta na kilicho nyuma yake. Uso wote huegemezwa kidogo nyuma, upande wa mlima. Nyuma ya uso huo hujazwa kifusi cha mawe madogo, na nyuma ya kifusi ndipo udongo wa kulima unapoanza.

Kifusi hicho mgeni hakioni, ila ndicho kinachoamua kama ukuta utadumu. Udongo ukilowa huwa mzito na husukuma. Maji yakipata njia ya kuchujika katikati ya mawe madogo na kutokea kwenye matundu ya ukuta, msukumo hupungua. Yakikosa njia, ukuta huanza kutoa tumbo: mawe ya katikati yanasogea mbele kidogo kidogo, na baada ya mvua kubwa moja yanamwagika. Ndiyo maana kuziba matundu kwa saruji, jambo ambalo mtu hulifanya kwa nia njema akitaka ukuta imara, ni kuuhukumu. Ukuta wa mawe matupu ukibomoka hutoboka sehemu moja, ukazibwa kwa kazi ya siku moja au mbili. Ule uliotiwa saruji hushikilia maji yote nyuma yake kisha huanguka kipande kirefu kwa mkupuo.

Maadui wengine ni mizizi ya miti iliyopandwa karibu mno na ukingo, mbuzi wanaokwea na kung'oa mawe ya juu, na nguruwe pori, ambao wamekuwa kero kubwa katika milima hii kwa kufukua udongo wakitafuta mizizi na viazi. Lakini adui mkubwa ni kuachwa. Tundu lisilozibwa msimu mmoja humwaga udongo wake kwenye ngazi ya chini, ngazi ya chini huelemewa, ukuta wake nao hutoa tumbo. Familia moja ikiacha shamba, jirani wa chini ndiye anayelipa. Kwa hiyo ukarabati hufanyika kila mwaka baada ya mvua, na anayejua kazi haongezi mawe juu ya tundu. Hufungua sehemu yote iliyolegea hadi msingi, akatenga mawe kwa ukubwa, kisha akaupandisha upya.

Mashamba yenyewe ni ya aina mbili. Yaliyo mengi kwa eneo yanategemea mvua tu, na yamepandwa mizeituni, mizabibu, mitini na milozi. Hapa kazi kubwa ni kulima juujuu, kwa punda au nyumbu maana trekta haiwezi kupanda, ili udongo wa juu ulegee, nyufa zizibike na unyevu wa kipupwe ubaki chini kwa ajili ya kiangazi. Asiyelima majira ya kuchipua atashangaa kuona majani ya mizeituni yamejikunja Agosti. Mashamba ya mbali yana vibanda vya mawe vya ghorofa moja au mbili, chini ghala lenye ubaridi, juu mahali pa kulala. Familia zilihamia humo majira ya zabibu na tini, kulinda mavuno na kuyaanika.

Aina ya pili ni ndogo kwa eneo, lakini ndiyo fahari ya kijiji: bustani za umwagiliaji zilizo chini ya chemchemi. Hapo hulimwa mboga, na hapo ndipo penye kanuni ya siku nane.

Koo kuu za Battir zinahesabiwa kuwa nane, na kila ukoo una siku yake ya maji ya Ain al-Balad. Zamu ikimaliza koo zote, inaanza upya. Kwa kuwa wiki ya kalenda ina siku saba na zamu ina nane, siku ya ukoo husogea mbele kila mzunguko: waliopata Ijumaa safari hii watapata Jumamosi safari ijayo, kisha Jumapili, na itachukua siku 56 kabla hawajarudi Ijumaa. Hakuna ukoo unaobeba mzigo wa kumwagilia siku ya swala ya Ijumaa mwaka mzima, wala unaojitwalia siku ya kabla ya soko milele. Tangu mwanzo wa Mei hadi mwisho wa Septemba kila ukoo hupata zamu 19 hivi, na mkulima hupanga bustani yake kwa hesabu hiyo: asipande mboga ambayo haiwezi kuvumilia siku nane bila maji kwenye udongo wake.

Maji hayaendi moja kwa moja shambani. Chemchemi hutiririka kwenye hodhi la mawe, linalosemwa kuwa la tangu enzi za Warumi, na hodhi hujaa usiku. Asubuhi wenye siku hukusanyika. Kijiti chenye alama za vipimo huteremshwa majini, kina kikasomwa, kisha kikagawanywa kati ya familia za ukoo kulingana na ukubwa wa ardhi ya kila moja. Lango likifunguliwa, familia ya kwanza humwagilia mpaka maji yashuke hadi alama yake, na hapo zamu ya anayefuata huanza. Kipimo ni kina cha maji, si saa, na hilo lina maana kubwa: mwaka wa ukame chemchemi ikipungua, wote hupungukiwa kwa uwiano mmoja. Ungepima kwa saa, wa kwanza angechota hodhi likiwa limejaa na maji yana nguvu, wa mwisho angepewa saa zilezile na mfereji mkavu.

Kutoka hodhini maji hufuata mifereji ya mawe. Mkulima hukaa na jembe dogo, akavunja ukingo wa udongo wa jaruba la kwanza, likajaa, akaziba kwa tope na jiwe au kitambaa, akafungua la pili. Panya na kaa wa maji baridi wakitoboa ukingo, maji ya mwenye zamu huishia kwa jirani bila jirani kuomba, kwa hiyo mfereji hukaguliwa kabla ya siku ya zamu. Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Chokaa yenye nyufa haichuji vizuri, na kijiji kimekuwa kikitumia mashimo ya maji machafu badala ya mabomba. Kilichoingia shimoni juu kinaweza kutokea chemchemini chini. Wanaohesabu hatari za Battir huanza na ukuta wa Israeli na walowezi wake, lakini bila kutatua suala la maji taka bustani hizi zinaweza kuharibiwa na kijiji chenyewe.

Zao lililobeba jina la kijiji ni biringanya. Biringanya ya Battir ni ndefu, nyembamba, ya zambarau iliyokoza, nyama yake laini na haina uchungu mwingi. Miche hupandwa majira ya kuchipua, mavuno ni ya kiangazi. Umbo lake linafaa mno kwa mahshi: hukatwa kichwa, hutobolewa ndani kwa kijisu kirefu chenye mfereji, ikajazwa mchele na nyama ya kusaga, ikapikwa kwenye rojo ya nyanya. Ujazo usizidi robo tatu, kwani mchele utavimba na kuipasua. Zilizo changa huenda kwenye makdous: huchemshwa mpaka zilegee kidogo, hupasuliwa ubavuni, hutiwa chumvi na kukandamizwa kwa kitu kizito usiku kucha hadi maji yatoke, kisha hujazwa jozi zilizopondwa, pilipili nyekundu na kitunguu saumu, zikapangwa kwenye chupa na kufunikwa mafuta ya zeituni. Zikiachwa na maji ndani, au moja ikichungulia juu ya mafuta, chupa nzima itaota ukungu.

Historia ndefu ya mahali hapa iko juu ya kilima kilicho pembeni ya kijiji, kiitwacho Khirbet al-Yahud, yaani magofu ya Wayahudi. Wanaakiolojia wengi wanakubali kwamba hapa ndipo Betar, ngome ya mwisho ya uasi wa Wayahudi, ulioongozwa na Bar Kokhba, dhidi ya Roma wa miaka 132 hadi 135. Kilima kina mabonde pande tatu, hivyo walinzi walihitaji kuchimba handaki upande mmoja tu, wa kusini. Warumi walikizunguka kwa ukuta wa kuzingira na kambi, na karibu na chemchemi yalionekana maandishi yaliyochongwa yanayotaja vikosi viwili vya jeshi lao, cha Tano Macedonica na cha Kumi na Moja Claudia. Kijiji cha Kiarabu kilichodumu jirani kimehifadhi ndani ya jina Battir jina la ngome ile, na jina la magofu limehifadhi kumbukumbu ya walioangukia pale. Kwangu mimi historia hiyo haiwapunguzii wakulima wa leo haki yoyote. Wao ndio waliotunza chemchemi ileile.

Reli ilifika 1892. Kampuni ya Kifaransa iliijenga kutoka Jaffa hadi Yerusalemu, kilomita zipatazo 87, kwa upana wa mita moja, ule ule wa reli ya zamani ya Mombasa na Reli ya Kati ya Tanganyika. Ilifuata mabonde, na Battir kikapata stesheni, ya mwisho kabla ya Yerusalemu. Kwa kijiji cha mboga hilo lilikuwa jambo kubwa. Mboga ya majani hunyauka haraka, na kupanda Yerusalemu kwa punda ni safari ya saa kadhaa. Sasa wanawake wa Battir waliweza kuchuma, kupanda treni na vikapu, na kuuza sokoni Yerusalemu siku hiyohiyo. Soko la uhakika likazipa thamani bustani za chini kuliko wakati wowote.

Reli hiyohiyo nusura ikimalize kijiji. Katika vita vya 1948 Israeli ilihitaji njia ya treni kwenda Yerusalemu, na njia ilipita chini ya Battir. Kijiji jirani cha al-Walaja kilitekwa na watu wake kufukuzwa Oktoba mwaka huo. Watu wengi wa Battir walikimbia. Aliyebaki na kushikilia ni Hasan Mustafa, msomi na mwandishi mzaliwa wa pale, pamoja na kikundi kidogo cha wanakijiji. Kinachosimuliwa kijijini ni kwamba waliwasha taa kwenye nyumba tupu usiku na kuanika nguo mchana, ili askari walio ng'ambo ya bonde waamini kijiji kimejaa watu.

Aprili 1949, Jordan na Israeli zilitia saini mkataba wa kusitisha mapigano kule Rhodes. Mstari mpya ulifuata bonde, na reli ikabaki upande wa Israeli pamoja na stesheni, shule ya kijiji na baadhi ya mashamba na nyumba. Hapo ndipo yalipopatikana maafikiano ambayo sijui mfano wake kwingine kwenye mstari huo: wanakijiji wangebaki, wangevuka na kulima ardhi yao iliyo upande wa Israeli, na wao wangehakikisha treni haidhuriwi. Hasan Mustafa alikuwa mpatanishi mkuu wa kijiji, na upande wa pili alikuwemo Moshe Dayan, kamanda wa jeshi la Israeli. Wakimbizi walianza kurudi, na wakulima wameendelea kulima ng'ambo ya reli bila uzio. Treni haikusimama tena Battir, lakini ilipita kwa miongo kadhaa. Mustafa alitumia miaka yake iliyobaki kufungua barabara ya kwenda Bethlehemu, maana soko la Yerusalemu kwa treni lilikuwa limekwisha, na kujenga shule, ikiwemo ya wasichana. Alifariki 1961.

Baada ya Israeli kuuteka Ukingo wa Magharibi mwaka 1967, shida ilibadilika sura. Vibarua vya ujenzi ndani ya Israeli vililipa kuliko bamia na figili, vijana wakaondoka mashambani, na kuta za ngazi za juu zikaanza kumwagika. Hapa sheria inaingia kwa ukali. Sheria ya Ardhi ya Milki ya Osmani ya 1858 inasema kuwa ardhi ya aina ya miri, yaani ya dola lakini mkulima ana haki ya kuitumia, ikikaa miaka mitatu mfululizo bila kulimwa, bila sababu inayokubalika, inaweza kurudi kwa dola. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Israeli imeutumia msingi huo kutangaza maeneo makubwa ya Ukingo wa Magharibi kuwa ardhi ya serikali, ikipima kilimo kwa picha za anga. Kwa mkulima wa Battir, kwa hiyo, ngazi iliyobomoka na kuota vichaka ni hasara ya udongo na ni ushahidi dhidi yake pia. Takriban robo tatu ya ardhi ya kijiji imo katika Eneo C, ambako Israeli ndiyo inayotoa au kunyima vibali vya ujenzi.

Mpango wa kupitisha ukuta wa utenganisho bondeni ulipokuja, wanakijiji walikwenda Mahakama Kuu ya Israeli, na baadaye shirika la mazingira la Friends of the Earth Mashariki ya Kati likaungana nao. Jambo lisilo la kawaida lilitokea: mamlaka ya hifadhi za asili ya Israeli nayo iliandika kupinga, ikisema ukuta na barabara yake ya ulinzi vingeharibu ngazi na mfumo wa maji kwa namna isiyorudishika. Wakati kesi ikiendelea, Juni 2014, kamati ya Urithi wa Dunia ilikutana Doha. Washauri wake wa kitaalamu, ICOMOS, walikuwa wamependekeza ombi la dharura la Palestina la kukiorodhesha Battir likataliwe. Kamati ilipiga kura ya siri: 11 waliunga mkono, 3 wakapinga, 7 hawakuegemea upande wowote. Eneo la hekta zipatazo 349 likaingia kwenye orodha, na siku hiyohiyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mapema 2015 kesi ilimalizwa baada ya serikali kueleza kwamba haikuwa na nia ya kujenga kipande hicho kwa wakati huo. Bonde limebaki wazi.

Tishio la sasa linatoka upande wa pili wa kijiji, juu, kuelekea Beit Jala na bonde la al-Makhrour, ambalo nalo limo katika eneo la urithi. Agosti 2024 Israeli ilitangaza mipaka ya makazi mapya ya walowezi yaitwayo Nahal Heletz, kama hekta 60, ili kuyaunganisha makazi ya Gush Etzion na Yerusalemu. UNESCO haina askari wala amri juu ya hilo. Njia ya kutembea kwa miguu kutoka Beit Jala kushuka al-Makhrour hadi Battir inapita katikati ya mizeituni inayogombewa, na wenye mashamba huko wanajua kwamba mwaka wasiolima ndio utakaotafutwa kwenye picha za anga. Kwa hiyo hulima hata ngazi ambazo mavuno yake hayalipi gharama ya nyumbu, na huanza kupanga mawe mara tu mvua za Machi zikikatika.